Jibu: Kwa nini Kikopti kilififia na Kiajemi kikabaki

Ndugu, umeuliza iweje Wamisri waliache Kikopti, lugha yao ya kale, ilhali Waajemi walisilimu na bado wakabaki na lugha yao. Dini peke yake haitoshi kueleza, angalia ofisi. Khalifa Abd al-Malik (685–705) aliamuru madaftari ya kodi, yaliyokuwa yakiandikwa Kigiriki huko Shamu na Kiajemi huko Iraki, yaandikwe Kiarabu. Misri ikafuata mwaka 705 hivi. Karani aliyetaka kubaki na kazi yake alijifunza upesi! Kufikia karne ya 10 hata askofu wa Wakopti (Wakristo wa Misri), Sawirus ibn al-Muqaffa, aliwaandikia waumini wake kwa Kiarabu.

Khurasani, jimbo la mashariki ya Uajemi, ilikuwa mbali. Madaftari yake yalibadilishwa 742. Kisha Baghdad, makao ya makhalifa, ilipolegea, Wasamani, ukoo wa watawala wa Kiajemi wa Bukhara, walijipatia dola, wakawalipa washairi na wafasiri waandike Kiajemi kwa herufi za Kiarabu. Tofauti kubwa naiona hapo: Wakopti hawakuwa na kasri la kuwalea waandishi wao. Ibn Tulun, gavana wa Misri karne ya 9, alijitenga na Baghdad, sawa, lakini alikuwa Mturuki aliyeitawala Misri kwa Kiarabu.