Ukiandikia vijana hadithi ya nguvu za ajabu, anza na mama yake

Huu ni mwaka wa tatu naandika hadithi ya vijana, ya msichana wa mtaa wa Kayole, Nairobi, anayegundua ako na nguvu zisizo za kawaida, na kuna mambo nimejifunza kwa machungu naona heri niwaambie wenye wanaanza saa hii.

Mswada wa kwanza niliwasomea binamu zangu kule Umoja, stima imepotea, tumekaa na tochi ya simu. Shujaa wangu alikuwa anarusha radi kwa mkono, anaangusha maghorofa, watu wanakufa ovyo. Nimefika ukurasa wa sita hivi, yule mdogo wao, ako kidato cha pili, akaniuliza, "Sasa mama yake alisema nini?"

Nikanyamaza. Mama hakuwa kwa hadithi. Yaani mtoto anarudi nyumbani mikono inatoa moshi na hakuna mtu wa kumuuliza ametoka wapi saa hizi, manze hiyo ni nyumba gani Nairobi hii?

Nilitupa karibu yote nikaanza upya, na kilichonisaidia ni kurudi kwa hadithi za kwetu. Lwanda Magere wa Wajaluo, mwili wake ulikuwa jiwe, mkuki haungii, nguvu zimekaa kwa kivuli, na siri ikatoka kwa mke aliyekuwa naye ndani ya nyumba. Liyongo wa Pwani naye hakuna silaha ingemdhuru isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyetumwa kumdunga ni mwanawe wa kumzaa. Hiyo inauma kuliko jini lolote lenye pembe. Halafu sikilizeni kilichofuata: Liyongo alijikokota mpaka kisimani, akapiga goti, mshale uko kwa upinde, akafa hivyo hivyo. Mji mzima ukakaa siku kadhaa bila maji wakimuogopa maiti, mpaka wakaenda kumtoa mamake nyumbani aje ambembeleze. Kifo na kicheko viko hapo pamoja, na mama yupo.

Kicheko chenyewe ukitafute kwa walio hai. Usiku wa matanga ya babu yangu, mwili uko ndani, wazee wawili walianza kubishana kando ya moto nani aliazima jembe la marehemu na hajarudisha, na shangazi yangu, ambaye alikuwa amelia mpaka sauti imekauka, akaangua kicheko mpaka ikabidi ashike nguzo ya hema. Hakuna aliyemcheka babu. Ukiandika utani kwa kumdharau aliyekufa vijana wanaskia baridi yake mara moja, wamezika watu wao pia.

Basi saa hii Nekesa, yule msichana wangu wa Kayole, akishika sarafu anasikia maneno ya mwisho ambayo mwenye kuitoa atasema siku yake ya kufa. Ni hayo tu, hajui tarehe, hajui mahali, na nguvu ikiwa na mpaka hivyo ndio hadithi inapata kazi ya kufanya. Iligundulika kwa kibanda cha mamake, akipokea shilingi ishirini ya maandazi. Habari zikafika kwa ploti, zile nyumba za kupanga wanamoishi, keateka anayezisimamia akaanza kuulizia nani hatamaliza mwaka ndio mwenye nyumba adai kodi mapema, na jirani mmoja alipoambiwa yake yatakuwa "hii samaki imeiva kweli?" akaacha samaki kabisa, akawa mkali kwa kila mtu juu ya sukuma za kila siku.

Kuhusu vifo, kimoja chenye jina kinatosha, arobaini vinapita kama mvua.

Na usiharakishe pale mtoto anapogundua. Mimi nilimweka Nekesa kurasa nne nzima na ile sarafu kwa kiganja, jasho, mafuta yanachemka, wateja wanasukumana, kwa sababu hapo ndipo anaacha kuwa mtoto na hakuna mtu kwenye foleni ameona.

Juzi nimemsomea tena yule binamu wa kidato cha pili. Nikafika pale mama, bila kumuuliza Nekesa kitu, anabandika namba ya M-Pesa kwa ubao wa kibanda ndio mtoto asishike pesa ya mtu tena. Akaniambia nirudie hiyo sehemu.