Stoo wanakwepa mfumo mpya: anza na ugomvi wao na uhasibu

Ndugu, umesema uhasibu wanatumia mfumo mpya wa kompyuta lakini stoo bado wanaandika kwenye daftari, na bosi anataka mafunzo yarudiwe. Mimi nisingeanza na mafunzo. Mtunza stoo anajua kubonyeza. Anachoogopa ni kwamba kila anachoingiza kitakuwa ushahidi dhidi yake siku hesabu zikipishana.

Mifumo hii kwa kawaida hulinganisha hati tatu: oda ya manunuzi, hati ya kupokea mzigo na ankara ya msambazaji. Ya katikati ni ya stoo. Isipoingizwa, ankara inakwama, msambazaji halipwi, na manunuzi ndio wanaopigiwa simu za lawama. Ndiyo maana uhusiano mbaya kati ya stoo na uhasibu unaumiza kampuni nzima.

Wakutanishe stoo, manunuzi na uhasibu, kwanza bila bosi. Mkubaliane nani anarekebisha kosa, na kwamba upungufu ulioripotiwa siku mzigo ulipopokelewa hautakatwa kwenye mshahara wa mtu. Hilo liandikwe, mkurugenzi asaini. Halafu anayewaelekeza wenzake awe mtu wa stoo, si wa TEHAMA. Daftari liacheni liendelee kutumika mpaka hesabu ya mwisho wa mwezi ikubaliane na mfumo.