Njegere za maua zimetoa majani matupu: nizihamishe?

SWALI: Mtaalamu, salamu. Mwaka jana nilipanda mbegu za njegere za maua, zile za kudumu, kando ya uzio. Zilirefuka hadi kiunoni, majani yakajaa, lakini ua halikutoka hata moja, ingawa kila mwezi nilikuwa naziwekea samadi. Baridi ilipoingia mashina yote yakakauka. Nataka kuzing'oa nizihamishie kwingine. Tena jirani ananiambia hata zikichanua hazitanukia. Ni kweli?

JIBU: Weka jembe chini kwanza. Mmea wako haujafa, na wala haujachelewa.

Njegere hii, ambayo jina lake la kitaalamu ni Lathyrus latifolius, ikianzia kwenye mbegu hutumia mwaka wa kwanza kujenga mzizi. Maua kwa kawaida huanza mwaka wa pili. Mashina hukauka kila majira ya baridi, na uhai unabaki chini. Fukua taratibu kwa kidole pale shina kavu linapoingia ardhini. Ukikuta vichipukizi vimejificha hapo, una jibu lako. Kata mashina makavu karibu na udongo, basi.

Kuhamisha ndiko ninakokuogopea zaidi. Mzizi wake mkuu huzama chini sana, na ni nadra kuutoa mzima. Ukikatika, mmea hudumaa muda mrefu, au hufa kabisa. Kama hapo ulipo panapata jua saa sita kwa siku, uache. Kama ni kivulini kweli, ni afadhali upande mbegu mpya penye jua kuliko kuhangaika na mmea huo.

Na samadi ya kila mwezi, acha. Njegere ni jamii ya mikunde: kwenye mizizi yake kuna vinundu vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani. Ukiiongezea tena naitrojeni, unapata hicho hicho ulichokipata, majani. Mboji kidogo mara moja, mimea inapoanza kuchipua, inatosha.

Ukipanda upya, kumbuka ganda la mbegu ni gumu. Loweka usiku kucha. Asubuhi utaona nyingine zimevimba na nyingine zimebaki vilevile kama changarawe. Hizo ngumu zikwaruze kwa msasa au zichanje kidogo kwa kisu, upande usio na kovu la mbegu, kisha uzirudishe majini. Fukia sentimita moja hadi mbili, moja kwa moja pale zitakapoishi. Huota baada ya wiki mbili au tatu, wakati mwingine zaidi.

Uzio wako ni wa nini? Hukusema. Mmea huu hupanda kwa vijikono vyembamba vinavyojizungusha kwenye kitu chembamba, kama waya, kamba au vijiti. Nguzo nene haviwezi kuishika. Funga wavu mapema, maana mmea uliokomaa hufika mita mbili.

Konokono hupenda sana vichipukizi vinapotoka tu ardhini, kwa hiyo wakati huo pita usiku na tochi uwaokote. Yakianza kuchanua, kata maua yaliyonyauka ili mengine yaendelee kuja. Maganda ukiyaacha yakauke, hujisokota na kupasuka yakirusha mbegu. Katika sehemu za Marekani mmea huu umegeuka gugu la kando ya barabara. Mbegu hizo ni sumu, si za kupika, kwa hiyo kama kuna watoto wadogo usiache maganda yakomae.

Kuhusu harufu, jirani yuko sahihi. Inayonukia ni ndugu yake wa mwaka mmoja, Lathyrus odoratus, aliyefika Uingereza mwaka 1699 kwa mbegu alizotuma mtawa Francesco Cupani kutoka Sicily. Ukitaka vyote viwili, panda huyo wa mwaka mmoja kwenye wavu huohuo, hatua moja mbali na mzizi wa huu wa kudumu.