Kadi ya grafiki ya kuchimbia sarafu: anza na umeme, maliza na mnunuzi

Kabla hujauliza kadi gani ya grafiki inafaa kuchimbia sarafu za kidijitali, yaani kuipa kompyuta hesabu za kuthibitisha miamala ili ulipwe kwa sarafu hizo, tafuta kwanza uniti moja ya umeme inakugharimu kiasi gani. Nachimba tangu enzi za Ethereum, na wanaokuja kuniomba ushauri karibu wote huja na jina la kadi mkononi: "Kaka, hii RTX 3080 italipa?" Siwezi kumjibu mtu swali hilo bila kujua bei ya uniti yake. Kadi ileile, sarafu ileile, siku ileile, mmoja anapata faida na mwingine anaingia hasara, na tofauti yao yote iko kwenye umeme.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua wati zinazoliwa na kadi, zidisha kwa saa 24, gawanya kwa 1,000, utapata uniti za siku moja. Ila kadi inayoonyesha wati 130 kwenye programu haivuti wati 130 ukutani, kwa sababu pawasaplai nayo hupoteza sehemu ya umeme kama joto. Pawasaplai nzuri yenye ufanisi wa asilimia 90 itavuta wati 144 hivi ili kuipa kadi hizo 130. Hizo ni karibu uniti 3.5 kwa siku, zaidi ya uniti 100 kwa mwezi, na bado hujagusa mazabodi, prosesa na feni, ambavyo navyo vina ulaji wao. Ndiyo maana kompyuta ya kadi moja huwa ngumu kulipa kuliko ya kadi nne: gharama ya vitu vya pembeni inabebwa na kadi moja peke yake. Tafuta kipimo cha wati cha kuchomeka ukutani na uamini hicho. Kadi za AMD za RX 5000 na RX 6000, kwa mfano, huonyesha wati za chipu tu na kuacha sehemu nyingine za kadi, kwa hiyo ukizilinganisha na za Nvidia kwa kusoma programu peke yake utadhani zinakula kidogo kuliko hali halisi.

Ukishajua uniti zako, ingia WhatToMine, tovuti inayokadiria faida ya kila kadi, weka kadi na bei yako ya umeme, uone. Lakini soma namba hizo ukijua kwamba ni za leo. Bei ya sarafu hubadilika, na ugumu wa kuchimba hupanda kila wachimbaji wanapoongezeka.

Sasa sarafu. Bitcoin iondoe kichwani kabisa. Tangu mwaka 2013 inachimbwa kwa mashine maalumu za ASIC, na hakuna kadi ya grafiki inayoweza kushindana nazo. Ethereum ndiyo iliyotulisha wenye kadi, nayo ilifunga mlango tarehe 15 Septemba 2022 ilipohamia mfumo ambao miamala huthibitishwa na watu walioweka sarafu zao dhamana, bila wachimbaji. Kadi zilizokuwa zikichimba Ethereum zikahamia kwa mkupuo Ethereum Classic, Ravencoin na Ergo, ugumu ukapaa na fungu la kila mtu likawa dogo. Kaspa ilitupa nafuu kwa muda, hadi ASIC zake zilipoingia sokoni mwaka 2023. Monero ni habari nyingine: tangu Novemba 2019 inatumia RandomX, algorithimu (kanuni ya hesabu za kuchimba) iliyobuniwa kwa ajili ya prosesa, kwa hiyo usiinunulie kadi.

Mimi nimeyapitia mabadiliko hayo, na yameniachia msimamo ambao siuachi: nunua kadi ambayo mtu asiyejua chochote kuhusu kripto ataitaka. Mcheza gemu, mhariri wa video, mtu anayeendesha modeli za akili bandia kwenye kompyuta yake. Sarafu inaweza kukukimbia ghafla, lakini kadi yenye soko nje ya uchimbaji itakurudishia sehemu ya mtaji wako. Mwaka 2021 Nvidia ilitoa kadi za CMP, zilizotengenezwa kwa ajili ya kuchimba tu na zisizo na hata tundu la kuunganisha skrini. Siku uchimbaji ulipoanguka, mchezaji gemu hakuwa na la kufanya nazo. Bado utazikuta zikiuzwa kwa bei ya kuvutia. Ziache.

Tukija kwenye kadi yenyewe, watu wengi huangalia jina na mwaka wa kutoka. Mimi huangalia memori kwanza. Kwenye algorithimu ya Ethash, iliyokuwa ya Ethereum, na ndugu yake Etchash ya Ethereum Classic, kila heshi moja, yaani jaribio moja la hesabu hizo, inailazimu kadi kusoma memori mara 64, baiti 128 kila mara. Jumla ni kilobaiti 8 kwa heshi. Kwa hiyo ukichukua kasi ya memori ya kadi na kuigawa kwa kilobaiti 8, unapata kikomo chake kabla hata ya kuinunua. RX 580 ya GB 8 husafirisha gigabaiti 256 kwa sekunde. Gawanya, unapata megaheshi (heshi milioni) 31 hivi kwa sekunde, na kweli kadi hiyo hutoa karibu 30. RTX 3060 Ti na RTX 3070 zote mbili zina gigabaiti 448 kwa sekunde. Ya pili ina kore (vitengo vidogo vya kufanyia hesabu) 5,888, ya kwanza 4,864, na bei zake zimepishana, lakini kwenye Ethash zote zilitoa karibu megaheshi 60 baada ya kuongezewa kasi ya memori. Kore za ziada zilikaa bure. Niliyemshauri kuhusu kadi hizo wakati ule nilimwambia achukue 3060 Ti bila kufikiri mara mbili.

Ufunguo huo huo unakuonyesha kwamba kadi mpya si lazima iwe bora kwa kazi hii. RTX 4060 Ti ina gigabaiti 288 kwa sekunde, wakati 3060 Ti iliyoitangulia ina hizo 448. Kwa gemu, 4060 Ti inajitetea kwa akiba yake kubwa ya memori ya ndani ya chipu. Kwa kuchimba sarafu inayosoma memori ovyo ovyo, akiba hiyo haisaidii sana. Ravencoin, inayotumia algorithimu ya KawPow, inazitumia kore pia, kwa hiyo huko 3070 inatangulia kidogo na kadi zote hula umeme mwingi zaidi. Chagua sarafu kabla ya kadi.

Ukubwa wa memori nao una neno lake. Sarafu hizi hutumia faili kubwa linaloitwa DAG, ambalo lazima likae lote ndani ya memori ya kadi, na huwa linakua. Kadi za GB 4 zilitupwa nje ya Ethereum mwishoni mwa mwaka 2020 kwa sababu hiyo tu, zikiwa bado nzima. Leo siwezi kumshauri mtu achukue chini ya GB 8. Kadi za GB 12, kama RTX 3060 au RX 6700 XT, zinakupa muda zaidi, na wenye modeli za akili bandia huzitafuta kwa sababu hiyo hiyo ya memori.

Joto ndilo linaloua kadi, na joto la kuangalia ni la memori. Kadi za RTX 3080 na 3090 hutumia memori ya GDDR6X inayochemka vibaya. 3090 ina nusu ya chipu zake za memori nyuma ya kadi, mahali ambapo feni hazifiki. Kadi hizo hujipunguza kasi zenyewe memori ikifika nyuzi 110. Programu nyingi zinaonyesha joto la chipu kuu tu, na unaweza kusoma nyuzi 60 ukatulia huku memori inaungua. Tumia programu ya HWiNFO, ina mstari wa joto la memori kwa kadi hizi. Niliwahi kufungua 3080 iliyokuwa ikicheza kwenye nyuzi 108. Pedi za joto zilikuwa zimekauka na kuacha mafuta kwenye ubao, na moja haikugusa kabisa chipu iliyokuwa chini yake. Nilipoweka pedi mpya za unene sahihi, memori ilishuka chini ya nyuzi 95 kwa kazi ileile. Unene wa pedi hutofautiana kati ya modeli na modeli, kwa hiyo upime kabla ya kuagiza. Pedi nene kupita kiasi itainua kipoza joto kutoka kwenye chipu kuu.

Kadi ya kuchimba haiendeshwi kama ilivyotoka kwenye boksi. Punguza kikomo cha umeme kwanza, hatua kwa hatua, ukiangalia kasi ya heshi. Kwenye algorithimu za memori utashangaa jinsi wati zinavyoshuka huku heshi zikibaki palepale. 3060 Ti imeandikwa wati 200, na kwenye Ethash ilifanya kazi vizuri kwa wati 120 na kitu. Kisha pandisha memori kidogo kidogo, na kila hatua iache ifanye kazi saa kadhaa. Ukiona shea (matokeo ya kazi yako unayotuma kwenye kundi la wachimbaji) zinakataliwa, au kasi inashuka badala ya kupanda, rudi nyuma. Memori ya GDDR6X hugundua makosa na kurudia kusafirisha data, kwa hiyo kadi inaweza kuonekana imetulia kabisa huku inapoteza kazi.

Kadi zilizotumika siziogopi, hata zilizochimba. Kadi iliyokaa kwenye joto moja na volti ndogo kwa mwaka mzima inaweza kuwa salama kuliko iliyopanda na kushuka joto kila siku kwa gemu. Kinachochakaa ni feni na pedi. Mbele ya muuzaji, zungusha kila feni kwa kidole ukiwa umezima kompyuta: isikwame, isicheze kando. Angalia skrubu kama zimeliwa na bisibisi. Iwashe, fungua programu ya GPU-Z, usome idadi ya kore, maana kuna RX 580 zenye kore 2,048 zinazouzwa kama zile za 2,304. Kisha ipe kazi nzito nusu saa ukiwa umekaa hapo hapo. Muuzaji asiyekubali nusu saa, ondoka. Kwa RX 580 na ndugu zake, uliza pia kama BIOS (programu ya ndani ya kadi) ilibadilishwa na wachimbaji, na kama nakala ya asili bado ipo.

Na usikubali kulipa zaidi kwa RTX 30 eti kwa sababu haina LHR, kile kizuizi cha kupunguza kasi ya kuchimba ambacho Nvidia ilianza kukiweka mwaka 2021. Kililenga algorithimu ya Ethereum, na programu za kuchimba zilikivunja mwaka 2022.

Neno kuhusu waya, kwa sababu hapa watu huchoma nyumba. Raiza, kile kiunganishi cha kuweka kadi mbali na mazabodi, inaweza kuvuta hadi wati 75, na kiunganishi cha umeme cha SATA, kile cha diski, kimetengenezwa kubeba wati 54. Usiwashe raiza kwa SATA hata mara moja. Tumia waya wa pini 6 utokao moja kwa moja kwenye pawasaplai.

Kama ningeanza upya leo na uniti ya bei nafuu, ningetafuta 3060 Ti au 3060 ya GB 12 iliyotumika, ambayo nimeijaribu mwenyewe. Kama uniti yako ni ghali na WhatToMine inakuonyesha namba nyekundu, kadi nzuri zaidi haitabadilisha hilo. Ukiipenda sana sarafu uliyotaka kuichimba, inunue moja kwa moja kwa pesa ambayo ungeilipia umeme.