Guakamole kwa mwenye kolesteroli: usimwachishe mama

Pole dada yangu, nimekuelewa, mama kakutwa na kolesteroli (mafuta kwenye damu) nyingi, sasa jirani anakutisha eti guakamole, yaani parachichi la kupondwa na viungo, ni mafuta matupu umwachishe. Usimwachishe! Mafuta ya parachichi mengi ni yale yasiyoganda, kama ya zeituni, na kolesteroli halina kabisa, sema kalori ndo zipo, gramu 100 ni kama 160 hivi, kwa hiyo nusu tunda kwa siku inamtosha, tena lichukue nafasi ya siagi kwenye mkate, sio juu ya siagi.

Guakamole asili yake Meksiko, Waazteki, wenyeji wa kale wa huko, waliita ahuacamolli yaani mchuzi wa parachichi, hakukuwa na mayonesi humo. Ponda kwa uma, tia kitunguu, nyanya, pilipili, kotimiri, kamulia ndimu isiwahi kuwa nyeusi, chumvi kidogo sana. Sisi nyumbani tunaila na viazi vya kuchemsha badala ya chipsi na watoto wanamaliza bakuli.

Ila kama ana shida ya figo au anatumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) muulize daktari kwanza, maana lina potasiamu nyingi na vitamini K. Na dawa zake asiache.