Mwarobaini wa bibi na bomba la choo: niliyoyajua baada ya kuzibua mara tano

Mara ya kwanza maji ya choo yalipopanda badala ya kushuka ilikuwa mwezi wa Machi, mwisho wa kaskazi, jua la Malindi limechoma mchanga wa uani hata haukanyagiki bila viatu. Nyumba ni ya bibi yangu mzaa mama. Babu ndiye aliyeweka choo cha kuvuta maji, kabla mimi sijazaliwa, na bomba alilofukia kutoka chooni hadi kwenye septiki ni la udongo wa kuchoma: vipande vifupi, visivyofika mita moja, vimeungwa kwa saruji. Miaka mingi baadaye bibi akapanda mwarobaini pale pale njiani mwa bomba, upande wa kisima. Kivuli chake ndicho tulichokulia.

Fundi alikuja na fito zake, akasukuma, akazungusha, akachomoa kitu kirefu cheusi mithili ya mkia wa punda uliolowa. Mizizi. Maji yakaondoka kwa kishindo, nikamlipa shilingi 3,000, nikashukuru. Baada ya miezi minne yakaziba tena. Halafu tena. Kwa muda usiotimia miaka miwili nilizibua mara tano, na kila mara nilidhani nimemaliza.

Naandika kwa sababu nyumba zetu nyingi za zamani hapa Malindi zina bomba kama hilo, na wenyewe wanalipa fito kila baada ya miezi kama nilivyokuwa nikilipa mimi.

Dalili zenyewe nilizipuuza mapema sana. Ukimwaga ndoo bafuni, choo kinaguguma. Maji yanashuka polepole, halafu siku mbili yanakuwa sawa, halafu yanarudi polepole. Mende wanazidi. Na pale uani, katikati ya ukame, majani mabichi yamestawi kwa mstari mmoja, wakati pengine pote pamekauka. Mstari huo ndio njia ya bomba. Ukiuona kwako mwezi wa Februari, usingoje masika.

Fundi mzee niliyemwita mara ya sita ndiye aliyenieleza jambo ambalo wale wengine hawakulisema. Mzizi hautoboi bomba zima. Hauna haja. Unafuata unyevu, na unyevu unatoka pale maungio yalipopasuka, ardhi ilipotitia kidogo au saruji ya zamani ilipomong'onyoka. Kinywele chembamba kama uzi kinaingia ufa, kinakuta maji na mbolea, basi kinanenepa na kuzaa vingine. Baada ya muda kunakuwa na kichaka ndani ya bomba, na kila kinachopita kinanaswa humo: karatasi, mafuta ya jikoni, pedi, vile vitambaa vya kupangusia watoto. Fito au kisu cha kuzungusha kinakata kichaka, lakini ufa unabaki na mti unabaki. Mzizi uliokatwa huchipua kwa matawi mengi zaidi, sawa na ua unaopogolewa. Ndiyo maana miezi yangu minne ilikuwa inageuka mitatu.

Kisha akaniuliza swali lililoninyima usingizi: "Mama, kama mzizi unaingia hapo, kinachotoka hapo kinakwenda wapi?"

Kisima chetu kiko hatua kumi na mbili kutoka kwenye bomba lile.

Kabla ya kuchimba, tulitafuta mahali penyewe, na hili mtu yeyote anaweza kulifanya. Fito zinaposimama, funga kitambaa kwenye fito pale inapoingilia shimo la ukaguzi, zichomoe, kisha uzilaze juu ya ardhi kufuata njia ya bomba. Kwetu ziliishia mita 7, karibu na shina la mwarobaini. Kijana wa fundi akaingiza pia kamera ndogo ya waya, ile inayounganishwa na simu, tukaiona mizizi imening'inia kama pazia. Kamera ni nzuri ukiipata, ila kipimo cha fito peke yake kingetosha. Ningekuwa nimekiweka tangu mara ya kwanza, ningejua kwamba tunazibua mahali pamoja kila mara, na kwamba tatizo si mafuta wala watoto.

Mjomba wangu alishauri mrututu. Unauzwa kwenye maduka ya dawa za kilimo, na ni kweli unaua mizizi unayoigusa. Nilikuwa karibu kuumwaga. Namshukuru Mungu sikufanya. Mrututu una shaba ndani yake. Ukiingia kwenye septiki unaua vile vijidudu vinavyoozesha uchafu, na bomba likiwa limepasuka unatoka kwenye ufa ule ule kuelekea majini. Sisi tunakaa juu ya mchanga na jiwe la matumbawe, jiwe lenye matundu na nyufa, ambalo halichuji maji hata kidogo yanapopata njia. Ukiwa na kisima, achana na mrututu. Achana pia na chumvi ya magunia, mafuta ya taa, na magadi makali ya kuzibulia masinki. Haya ya mwisho huunguza macho ya fundi atakayekuja baada yako, na mizizi huiacha ipo.

Tulichimba siku mbili kwa jembe na mtaimbo. Chini ya nusu mita mchanga ulibadilika ukawa mweusi, wenye harufu, umelowa, na weusi ule ulikuwa umetambaa upande wa kisima. Nilisimama pale nikamfikiria bibi, jinsi alivyokuwa akiteka maji hayo kila alfajiri, na watoto wangu wanaoyaogea. Tulipeleka maji kupimwa, yakakutwa na vijidudu vya kinyesi. Kipimo kinachotajwa sana ni mita 30 kati ya kisima na choo au shimo la kunyonyea; nyumba za mitaa yetu zimebanana, wengi hatuna mita hizo. Kwa hiyo bomba lisilovuja ndiyo kinga pekee tuliyo nayo. Maji ya mfereji kutoka Baricho yakikatika, sote tunarudi kisimani.

Kuhusu kazi yenyewe: tuling'oa bomba lote la udongo kutoka chooni hadi septiki, mita 12, badala ya kubadilisha kipande kilichovunjika tu. Kubadilisha kipande ni kuuhamisha mzizi kwenye ungio linalofuata. Tuliweka plastiki ya milimita 110, ile nene ya kufukiwa ardhini. Mteremko ni sentimita 2.5 kwa kila mita, yaani sentimita 30 kwa njia yetu yote. Fundi akikadiria kwa jicho, mwambie alete kamba na kipimo cha maji. Chini ya bomba tandika mchanga laini uliochekechwa, maana ncha ya jiwe la matumbawe itakwaruza plastiki mpaka iachie. Maungio yafutwe yawe makavu kabla ya gundi. Halafu, kabla ya kufukia, ziba mwisho, jaza maji, ngoja, uangalie kila ungio kwa macho yako. Mafundi hawapendi kungoja. Mimi nilikaa kwenye kibao saa nzima.

Mafundi wavae glavu na viatu vya mpira, na waoge kwa sabuni kabla ya kula. Na mtu yeyote asiingie ndani ya septiki, hata ikiwa imenyonywa ikabaki tupu. Hewa yake huua kabla mtu hajapiga kelele, na mara nyingi anayeshuka kumwokoa hufa naye.

Majirani wote waliniambia nikate mwarobaini. Nilikataa, na si kwa ajili ya kumbukumbu peke yake. Shina la mwarobaini ukilikata huchipua, na mizizi iliyoko ardhini ikioza huacha matundu yatakayotitisha bomba. Bomba likiwa zima, mti hauna cha kutafuta humo. Tulikata kwa msumeno mizizi iliyovuka mtaro tu, upande mmoja, na hatukusogelea shina chini ya mara tatu ya upana wake. Mti ukikatwa mizizi karibu mno hauna cha kushikilia, na upepo wa kusi ukija unaweza kuuangusha juu ya paa. Mti ambao nisingeuvumilia karibu na bomba ni wa jamii ya mkuyu, pamoja na ile ya mapambo inayopandwa kwenye ua. Mnazi hunitia hofu kidogo zaidi. Mizizi yake hainenepi, ingawa nayo huingia ufa ikiupata.

Dada yangu ameolewa Lamu, Mkomani, na kwake shida ni nyingine: vichochoro vyembamba, nyumba zimeegemeana, mchanga unaletwa na punda, na kuchimba mita 12 ni ndoto. Kwa mazingira hayo namshauri akague mara mbili kwa mwaka na abadilishe vipande anavyovifikia.

Kisima tulikiteka hadi chini, tukatia klorini, tukakipima tena baada ya wiki kadhaa, kikatoka safi. Ya kunywa bado tunachemsha.

Bomba la jikoni sikulibadilisha, fedha ziliisha. Ni la udongo vilevile. Juzi nilifunua kifuniko chake nikamulika kwa tochi, nikaona uzi mmoja mwekundu umechungulia kwenye ungio la kwanza, mwembamba kuliko sindano. Fundi mzee anakuja Jumamosi.