GT 1030 kwenye OptiPlex kuukuu: niagize au niache?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina stesheneri hapa Ujiji, na pembeni nahariri video za harusi zinazopigwa kwa iPhone. Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 7010, ile CPU nyembamba, i5-3470, RAM 8, hadidiski ya kawaida. Video zinakatakata nikihariri. Tena tangu nilipopigiwa Windows 10 upya, maandishi kwenye kioo yamekuwa makubwa na yana ukungu. Kijana wa dukani anasema niagize kadi ya picha ya GT 1030 kutoka Kariakoo, kila kitu kitanyooka. Niagize?

JIBU: Dada, hiyo pesa iache kwanza kwenye simu. Una matatizo mawili tofauti, na kadi hiyo si dawa ya uhakika ya lolote kati ya hayo.

Tuanze na ukungu, maana kuuondoa hakuna gharama. Ulianza baada ya kupigiwa Windows, basi hapo ndipo pa kutazama. Fungua Device Manager, nenda Display adapters. Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter, aliyekupigia Windows aliondoka bila kuweka draiva ya Intel, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia sehemu ya picha. Prosesa yako ina sehemu ya picha ndani yake, Intel HD 2500, na kwa kioo cha 1920 kwa 1080 inatosha kabisa. Draiva utaipata kwenye tovuti ya Dell ukiandika Service Tag, ile namba ya mashine iliyobandikwa kwenye CPU. Ukishaiweka, chagua saizi ambayo Windows yenyewe imeiandikia Recommended. Kioo cha LCD kina idadi yake ya nukta. Ukikilisha 1024 kwa 768 kinalazimika kuzitanua herufi, na ndiyo huo ukungu. Ukibaki kidogo, kama waya wako ni VGA, ule wa kichwa cha bluu, bonyeza Auto kwenye kioo. Au hamia DisplayPort: nyuma ya mashine yako yapo matundu mawili, na watu wengi huyaacha yajae vumbi.

Sasa video. Fungua Task Manager ukiwa unahariri, utazame Disk na CPU (hapo CPU ni prosesa, si kasha lote). (Mstari wa GPU, yaani sehemu ya picha, usipouona usishtuke, draiva ya HD 2500 ni ya zamani mno kwa kipimo hicho.) Disk ikiganda kwenye 100, unachohitaji ni SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi kuliko hadidiski, na hata kufungua faili la mteja pale stesheneri utaona tofauti. Kama ni CPU inayopanda, nahisi mkosaji ni iPhone. Simu hizo hurekodi kwa HEVC, mtindo mpya wa kubana video, na HD 2500 haijui kuifungua, kwa hiyo prosesa inabebeshwa kazi yote. Mwambie mpiga video aingie Settings, Camera, Formats, achague Most Compatible. Hapo simu itarekodi H.264, mtindo wa zamani zaidi, ambayo mashine yako inaiweza. Zile zilizokwisha kupigwa, zigeuze kwanza kuwa H.264 usiku, ukiwa umelala.

Nisimwonee kijana wa dukani: GT 1030 inafungua HEVC. Ila haina kabisa kile kisehemu cha kutengenezea video, ambacho HD 2500 yako inacho, kinaitwa Quick Sync. Na kwenye mashine hizi, mara nyingi ukichomeka kadi, ile picha ya ndani inazimwa. Unaweza kununua kadi halafu video ya mwisho ichelewe kutoka kuliko zamani.

Tena hiyo kadi ina mtego. Ziko GT 1030 zenye kumbukumbu ya GDDR5 na zenye ya DDR4, jina moja, na ya DDR4 ni dhaifu mno. Mimi mwenyewe nilishamwagizia mteja bila kuuliza. Kasha likafika na basi, nikalifungua mbele yake, nikasoma DDR4 kwa maandishi madogo ubavuni. Na bati la kuifungia kadi lilikuwa refu, halikuingia kwenye CPU nyembamba kama yako. Aliyeniuzia akasema mali ikishatoka dukani hairudi.

Kuna jambo jingine linalonizuia kukuruhusu. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa kuanzia kizazi cha nane. Yako ni ya kizazi cha tatu, ya 2012. SSD nakuruhusu, kwa sababu utaichomoa uhamie nayo. Kadi ya picha hapana. Pesa yake weka kwenye kibubu cha mashine iliyotumika ya kizazi cha nane. Picha yake ya ndani inafungua HEVC bila kadi yoyote.

Draiva ikikushinda, ilete mashine kwangu hapa Mwanga. Njoo na waya wa kioo pia.